Darubini ya Bei Nafuu Kwenye Bunduki ya .22: Dalili, Chanzo na Tiba

Darubini ya bei nafuu husingiziwa mengi. Risasi zikitawanyika kwenye karatasi, mtu huing'oa, huitia kwenye boksi lake, akaenda kutafuta nyingine yenye lenzi pana zaidi na namba kubwa zaidi ya ukuzaji. Wiki inayofuata yuko palepale: matundu huku na kule, risasi zimeisha, pesa zimekwenda. Nyingi nilizoletewa nizitazame kwa kuwa "zimekufa" zilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye skrubu, au kwenye risasi, au mwenyewe alinunua darubini iliyotengenezewa bunduki kubwa akaifunga kwenye ndogo.

Naongelea bunduki ya .22 LR, ile inayotumia risasi ndogo ambayo pini ya bunduki huigonga ukingoni mwa ganda, iliyokuwapo tangu 1887, yenye kichwa cha gramu 2.6 hivi, pamoja na bunduki ya upepo ya milimita 4.5 au 5.5. Bunduki ya .22 ina fadhila moja kubwa: teke lake ni dogo, kwa hiyo hulazimiki kulipia darubini yenye ubavu wa kuhimili bunduki ya kuwindia nyati. Ina pia visa vyake viwili: unalenga karibu, mara nyingi mita 10 hadi 100, na risasi yake inakwenda polepole. Baadhi ya dalili zilizoandikwa hapa chini zinazaliwa na kimojawapo.

Kabla ya kushika bisibisi, toa magazini, fungua bolti, chungulia chemba kisha iguse kwa ncha ya kidole. Macho husema uongo mwanga ukiwa hafifu. Mtutu uelekee mahali salama muda wote wa kazi, hata ukiwa na uhakika. Na ukifika wakati wa kupiga, nyuma ya shabaha pawe na kingo ya udongo: risasi hii "ndogo" huweza kuruka kilomita moja na nusu. Jingine, ambalo nimeona watu wazima wakilifanya bila kufikiri: darubini ya bunduki haitumiki kumwangalia anayekuja kule ng'ambo. Kwa hilo tafuta darubini ya mkononi.

Matundu yametawanyika, hayana mpangilio

Dalili hii inakula risasi kuliko zote, kwa sababu mtu akiiona hukimbilia nobu, vile vifundo vya juu na pembeni mwa darubini vya kuhamisha mahali risasi inapogonga. Siku moja nilimaliza paketi nzima ya risasi 50 nikifukuza tundu: likienda kushoto nazungusha kulia, likipanda nashusha. Jioni, bunduki iko mezani naisafisha, nikaishika darubini kwa mkono ikacheza. Kidogo sana, kama jino la mtoto linaloanza kulegea. Pete ya nyuma, kati ya zile mbili zinazobana darubini, ilikuwa haijakaza. Kila mlio ulikuwa unaihamishia darubini mahali pengine, nami kila mara narekebisha kosa ambalo halipo tena. Tangu siku hiyo siigusi nobu mpaka nimekagua mambo manne, na utaratibu wake sibadilishi.

Kwanza skrubu, na ziko ngazi tatu: zinazoshika reli kwenye bunduki, zinazoshika pete kwenye reli, na zinazobana pete juu ya bomba la darubini. Watu hukagua ngazi ya tatu tu kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Zifungue zote, futa mafuta kwa spiriti kwenye nyuzi za skrubu, kwenye mfereji ulio juu ya bunduki na ndani ya pete, kisha funga upya. Za juu ya bomba kaza kwa kupishana, pembe kwa pembe, kidogo kidogo, ukiangalia uwazi wa kushoto na kulia wa pete ubaki sawa. Kipimo kinachotosha pete nyingi ni niutoni mita 1.7 hadi 2. Huna kifaa cha kupimia? Chomeka upande mrefu wa kispana cha L kwenye skrubu, shika upande mfupi kwa vidole viwili, kaza mpaka vidole vigome. Ukigeuza kispana ukashika upande mrefu kwa kiganja, utaliminya bomba, na bomba likishaminywa nobu hukwama ndani na pete ya kukuzia huwa ngumu. Hapo umeharibu darubini kwa mkono wako, na dukani hawataipokea.

Ukimaliza, chora mstari mwembamba kwa kalamu nyeupe ya kusahihishia, uanzie kwenye pete uingie kwenye bomba. Chora mwingine kutoka kwenye pete hadi kwenye reli. Siku mstari ukikatika, yaani nusu moja imesogea, umeshapata jibu bila kupoteza risasi hata moja.

Pili, skrubu zinazoshika chuma cha bunduki kwenye kitako. Kitako cha mbao hunywea na kuvimba kufuata hali ya hewa, na skrubu iliyokuwa imekaza msimu wa mvua hulegea kiangazi. Hili halina uhusiano wowote na darubini, ila darubini ndiyo inayolaumiwa.

Tatu, risasi zenyewe. Risasi ya .22 haijazwi upya nyumbani kama za bunduki kubwa, kwa hiyo huna ujanja isipokuwa kujaribu chapa tofauti. Bunduki hizi huchagua. Ninayo moja ambayo kwa aina fulani huweka risasi tano ndani ya duara la sarafu kwa mita 50, na kwa aina nyingine, ghali zaidi, hutawanya upana wa kiganja. Ukibadilisha chapa usihukumu kwa risasi tatu za mwanzo. Risasi yenye kichwa cha madini ya risasi matupu, kisichofunikwa shaba, hupakwa nta au mafuta, na mtutu huhitaji risasi kumi na kitu kuzoea mafuta mapya.

Nne ni wewe. Weka mbao ya mbele ya kitako, siyo mtutu, juu ya mfuko wa mchanga mbele, na mfuko mwingine nyuma, upige risasi tano bila haraka.

Yote manne yakipita na matundu bado yanatawanyika, sasa ishuku darubini, na namna ya kuithibitisha ni rahisi. Ikiwa bunduki ina vilengeo vyake vya chuma juu ya mtutu, ondoa darubini upige kwa hivyo. Kama havipo, azima darubini ya mtu ambayo inajulikana ni nzima. Ugonjwa ukiondoka na darubini, ni wa darubini. Ukibaki, endelea kutafuta kwenye bunduki.

Msalaba unatembea juu ya shabaha ukisogeza kichwa

Hapa ndipo wengi wanaponunua kitu kisichowafaa bila kujua, na muuzaji naye hajui, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Laza bunduki tupu juu ya mifuko ya mchanga, elekeza msalaba, ile mistari ya kulengea iliyo ndani ya darubini, kwenye karatasi iliyo mita 25, kisha iachie kabisa. Chungulia bila kuigusa, ukisogeza kichwa juu na chini, upana wa ukucha tu. Kama msalaba unaelea juu ya karatasi ilhali bunduki imetulia, hiyo ni paralaksi. Maana yake picha ya shabaha na msalaba haviko kwenye kina kimoja ndani ya bomba, kwa hiyo mahali jicho linapokaa panabadilisha mahali unapodhani umelenga.

Kila darubini isiyo na marekebisho hutoka kiwandani ikiwa imesetiwa umbali mmoja ambao paralaksi hakuna. Za bunduki kubwa kwa kawaida husetiwa yadi 100 au zaidi, karibu mita 91. Zilizotengenezewa .22 husetiwa yadi 50, mita 46 hivi. Sasa chukua darubini yenye lenzi ya mbele ya milimita 40 iliyosetiwa mita 100, ulenge kitu kilicho mita 25. Hesabu yake ni nusu ya upana wa lenzi, mara tofauti ya umbali, gawanya kwa umbali uliosetiwa: 20 mara 75 gawanya kwa 100, unapata milimita 15. Hilo ndilo kosa kubwa kabisa linalowezekana, jicho likiwa limeenda ukingoni mwa picha. Darubini ya lenzi ya milimita 32 iliyosetiwa mita 50, kwa shabaha hiyohiyo, kosa lake la juu ni milimita 8. Ya pili inaweza kuwa rahisi kuliko ya kwanza na bado ikakupigia vizuri zaidi, kwa sababu imetengenezewa umbali wako.

Kwa hiyo ukiwa dukani usiishie kutazama ukuzaji. Tafuta maneno kwenye boksi yanayosema imetengenezwa kwa risasi za .22, au angalia kama lenzi ya mbele, au upande wa kushoto wa bomba, ina pete ya kuzungusha iliyoandikwa umbali, 10, 25, 50, 100. Ya namna hiyo unaiseti mwenyewe. Namba zilizochapwa usiziamini sana kwenye darubini rahisi. Zungusha mpaka msalaba uache kuelea, kisha weka alama yako.

Kama tayari unayo ya yadi 100 na huna mpango wa kununua nyingine, tiba ni shavu. Likae palepale kwenye kitako kila unapolenga. Ukitaka kujua kama jicho liko katikati, rudisha kichwa nyuma taratibu mpaka pete nyeusi itokee kuzunguka picha. Ikiwa na unene sawa pande zote, uko katikati na paralaksi haikugusi. Kwa kulenga shabaha ya karatasi njia hii inatosha kabisa. Wako wanaofungua pete ya lenzi ya mbele na kuizungusha ili kuhamisha umbali wa paralaksi. Inawezekana kwa darubini nyingi rahisi, nimefanya, lakini unahatarisha gesi ya naitrojeni iliyomo ndani na dhamana inakufa papo hapo. Nisingeifanya kwa darubini mpya.

Unazungusha nobu, tundu halihami; halafu ghafla linaruka

Ndani ya bomba kuna bomba jingine dogo linaloshika msalaba. Nobu ya juu na ya pembeni hulisukuma, na springi hulisukuma lirudi. Kwenye darubini rahisi springi hiyo mara nyingi ni dhaifu, na ukizungusha hadi karibu na mwisho wa nyuzi huwa dhaifu zaidi. Basi unazungusha kliki sita (kila mlio wa nobu ni kliki moja), bomba la ndani limebaki pale pale, unapiga risasi, mtikisiko unaliamsha, na risasi ya pili inaangukia kwingine. Mtu anasema darubini ina mashetani.

Kwanza jua kliki moja ni kiasi gani. Nyingi zimeandikwa 1/4 MOA, yaani robo ya dakika moja ya pembe. Hiyo ni milimita 7.3 kwa mita 100, 3.6 kwa mita 50, na 1.8 tu kwa mita 25. Nimeona mtu akilalamika kwamba nobu haifanyi kazi kumbe alizungusha kliki nne kwa mita 25, ambazo ni milimita 7, chini ya upana wa kidole. Zilizoandikwa 0.1 mil, kipimo kingine cha pembe, huhama milimita 10 kwa mita 100.

Kipimo kinachopendwa na wengi ni cha mraba: piga risasi tatu, zungusha kliki 20 juu upige, 20 kulia upige, 20 chini, 20 kushoto, ukilenga nukta ileile muda wote. Kwa mita 50 kila upande wa mraba unapaswa kuwa sentimita 7.3, na kundi la mwisho lirudi juu ya la kwanza. Ni kipimo kizuri, ila kinachanganya ubovu wa darubini, wa risasi na wa mpigaji. Mimi hukianza nyumbani, bila bunduki wala risasi.

Chukua boksi gumu la viatu, ukate alama ya V pande mbili fupi, ulaze darubini kwenye hizo V. Weka vitabu vizito ndani ya boksi lisitikisike, na ikibidi bana bomba kwa mpira. Mita 25 kutoka hapo, zilizopimwa kwa kamba, bandika karatasi ya miraba ya milimita, ile ya hesabu, uwe umeikoleza mistari kila sentimita moja. Sogeza boksi mpaka msalaba ukae kwenye makutano ya mistari. Sasa zungusha nobu ya juu kliki 20 ukitazama. Msalaba unapaswa kuhama milimita 36. Zungusha 20 kurudi. Urudi palepale ulipotoka. Fanya hivyo kwa nobu ya pembeni. Angalia pia kama ukizungusha ya juu msalaba hauendi mshazari. Darubini iliyohama milimita 33 badala ya 36, lakini inarudi nyumbani kila mara, naichukua, maana kosa lake linajulikana. Isiyorudi siitaki hata kwa bei ya bure.

Ikiwa darubini ni ya kukuza na kupunguza, yaani ina pete ya ukuzaji, izungushe hapohapo kwenye boksi kutoka namba ndogo hadi kubwa msalaba ukiwa kwenye makutano. Kwenye darubini rahisi msalaba unaweza kuteleza kidogo njiani. Ukiteleza milimita moja au mbili, zoea kuseti na kupiga kwa ukuzaji mmoja. Ukiteleza sentimita, rudisha.

Kwa iliyo nzima lakini ina springi mvivu, pita kiasi unachotaka kwa kliki tano kisha rudi, na piga risasi mbili za kuituliza kabla ya kuhukumu. Wazee wa zamani waligonga nobu kwa mpini wa bisibisi kila baada ya kuzungusha. Nilikuwa nacheka, sasa nami hugonga.

Nobu imefika mwisho na risasi bado ziko chini

Mara chache sana hili ni kosa la darubini. Mfereji uliochongwa juu ya bunduki ya .22, ule wa kama milimita 11, haufanani kati ya kiwanda na kiwanda, na pete rahisi nazo hazilingani kimo. Anza kwa kubadilishana: pete ya mbele iende nyuma, ya nyuma ije mbele. Zigeuze kushoto kulia pia. Inashangaza ni mara ngapi tatizo linaishia hapo.

Lisipoisha, inua nyuma ya darubini. Kata ukanda wa kopo la soda kwa mkasi, upana wa pete, ulainishe kingo zake, uulaze kwenye nusu ya chini ya pete ya nyuma. Bati hilo lina unene wa kama milimita 0.1. Pete zikiwa zimeachana sentimita 10, ukanda mmoja unapandisha risasi sentimita 5 kwa mita 50. Kanda mbili ndiyo mwisho wangu. Zaidi ya hapo bomba linaanza kupinda kati ya pete, na ni afadhali kununua reli iliyoinama.

Kabla ya yote hayo, rudisha nobu katikati. Hesabu kliki zote kutoka mwisho hadi mwisho, gawanya kwa mbili, simama hapo. Darubini hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa karibu na katikati yake, na hapo kingo za picha pia huwa safi zaidi.

Na pete zenyewe zisichanganywe. Za mfereji wa milimita 11 hazishiki kwenye reli ya Weaver au Picatinny, aina mbili za reli pana zenye nafasi zilizokatwa kukingama. Pete za Weaver kwa kawaida huingia kwenye Picatinny, lakini za Picatinny hukataa Weaver, kwa sababu nafasi za Picatinny ni milimita 5.2 na za Weaver ni 4.6. Pima na kipenyo cha bomba: milimita 25.4 au 30. Vile vibomba vyembamba vya milimita 19 vinavyokuja bure na bunduki, vyenye lenzi ya milimita 15 au 20, viache kwa mtoto atazamie ndege.

Giza, ukungu, vivuli

Kivuli cha mwezi mchanga ukingoni mwa picha: jicho liko mbali, karibu au pembeni mno. Darubini nyingi hutaka jicho sentimita 7 hadi 9 nyuma ya lenzi. Weka ukuzaji wa juu kabisa, fumba macho, weka shavu kwenye kitako kama ulivyozoea, fumbua. Telezesha darubini mbele au nyuma ndani ya pete mpaka picha ijae, ndipo ukaze.

Msalaba una ukungu lakini shabaha iko safi: ni pete ya jicho, ile iliyo nyuma kabisa. Elekeza kwenye ukuta mweupe au mawingu (kamwe isiwe jua), tazama sekunde mbili, ondoa jicho, zungusha kidogo, rudia. Ukikodoa macho muda mrefu, jicho lenyewe linajirekebisha na linakudanganya.

Ukungu unaofutika kwa kitambaa ni pumzi yako. Usiofutika uko ndani. Gesi imetoka na unyevu umeingia. Hakuna dawa ya nyumbani, na ile ya kuanika juani huutoa ukungu kwa siku mbili tu.

Giza wakati wa magharibi: gawanya lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Mara 4 kwa lenzi ya 32 inakupa duara la mwanga la milimita 8, zaidi ya mboni yako inavyoweza kupokea. Mara 9 kwa 40 ni 4.4. Mara 24 kwa 50, ile darubini ndefu yenye boksi la kung'aa, ni 2.1, na hapo utaona kama uko ndani ya pango. Ndiyo maana fundi yeyote atakwambia kwa pesa kidogo nunua ukuzaji mdogo. Mtengenezaji mwenye bajeti ndogo akitengeneza mara 4 isiyobadilika, pesa yote imeingia kwenye vioo vichache. Akitengeneza ya mara 6 hadi 24 yenye taa nyekundu na kijani kwa bei ileile, kuna mahali amepunja, na kwa kawaida ni kwenye springi.

Iko sawa mita 50, haiko sawa kwingine

Hii siyo dalili ya ugonjwa. Darubini imekaa juu ya mtutu kwa sentimita 4 hivi, na risasi inaanguka kutoka inapotoka. Ukiseti nobu ili risasi igonge unapolenga kwa mita 50, kwa mita 10 utapiga chini kwa kama sentimita moja, kwa mita 25 utapiga juu kwa sentimita moja, na kwa mita 100 utapiga chini kwa sentimita 18 hadi 24 kutegemea kasi ya risasi. Anayeseti kwa mita 100 na kulenga panya ghalani kwa mita 40 asishangae.

Zile alama zilizo chini ya msalaba zina kisa chake. Zilichorwa kwa risasi fulani yenye kasi fulani, mara nyingi siyo yako, na kwenye darubini nyingi za bei nafuu zinasema kweli kwa ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu. Punguza ukuzaji na alama ileile inamaanisha umbali mwingine. Piga ujionee, kisha andika alama zako mwenyewe kwenye kipande cha karatasi ndani ya mfuniko wa lenzi.

Ikiwa kwa mita 50 iko katikati lakini kwa 100 inakwenda pembeni hata siku isiyo na upepo, bunduki au msalaba umelala upande. Kwa risasi inayoanguka kiasi hiki, kuinama kwa nyuzi 5 kunatupa tundu sentimita 4 pembeni kwa mita 100. Ning'iniza kamba yenye jiwe kwenye mita 25, uweke bunduki isiinamie upande, uzungushe darubini ndani ya pete mpaka mstari wa wima ulale juu ya kamba. Na siku yenye upepo, kumbuka jambo ambalo wengi hulibisha: risasi ya kasi kubwa, mita 380 kwa sekunde, hupeperushwa zaidi na upepo wa pembeni kuliko ya mita 325, kwa sababu hupoteza kasi yake kwa haraka inaposhuka kukaribia kasi ya sauti.

Bunduki ya upepo inaua darubini

Ile ya pistoni tu, ya springi au ya gesi. Pistoni yake hurudisha bunduki nyuma, kisha inapogonga mwisho huitupa mbele, na ni pigo hilo la pili linalong'oa vioo vya darubini iliyojengwa kuhimili teke la upande mmoja. Darubini inaweza kuhimili bunduki kubwa miaka kumi ikafa hapa kwa wiki. Nunua iliyoandikwa wazi kuwa ni ya bunduki ya upepo, na pete yenye kipini cha kuzuia kinachoingia kwenye tundu juu ya bunduki, la sivyo darubini itatembea kurudi nyuma kwenye mfereji hata ukaze vipi. Ya hewa iliyoshindiliwa kwenye tangi lake kabla ya kupiga haina shida hii; ni pole kuliko hata .22.

Za kurudisha dukani

Ukungu wa ndani, kioo kinachogonga ukitikisa, msalaba uliolala upande ilhali nobu ziko wima, na nobu isiyorudi nyumbani kwenye boksi la viatu. Hizo nne usizihangaikie. Fanya kipimo cha boksi siku unayoinunua, kabla pete hazijaacha mikwaruzo kwenye bomba, kwa sababu muuzaji akiona mkwaruzo atasema umeitumia. Weka nukta kwa kalamu kwenye karatasi ya miraba kila msalaba unaposimama, andika idadi ya kliki pembeni, na uende nayo dukani pamoja na risiti. Karatasi ya namna hiyo imeshanirudishia pesa mara mbili, na mara ya pili muuzaji aliomba abaki nayo.